Mabibo Mia na Sitini kwa Ndoo

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema ili nisije nikaambiwa nilificha. Mtu akinisalimia kwa furaha iliyozidi najiuliza anataka nini. Asiponisalimia najiuliza amekwenda kusema nini huko alikotoka. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata kuku wangu nawahesabu mara mbili, wakitoka na wakiingia, utadhani wanaweza kubadilishana na wa jirani njiani. Alikuwa akitania, lakini ni kweli, nilikuwa nawahesabu.

Tuliishi Newala, upande wa Makote, mimi nimeolewa huko kutoka Chiungutwa ya Masasi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Sukari unanunua bila foleni na bila kuandikwa jina, mitumba imetandazwa mpaka pembeni mwa njia, na wanunuzi wa korosho wanakuja na magari yao wenyewe, kila mmoja na mizani yake. Gunia lile lile likipanda mizani hii ni zito, likipanda ile limekonda kama lililougua njiani. Tukazoea kutoiamini mizani ya mtu yeyote.

Ndipo akaja mama mmoja wa mradi kufundisha kikundi chetu cha wanawake kutengeneza waini ya mabibo. Huku kwetu korosho ina mwenyewe, bibo halina. Unaingia shamba la mtu, unaokota, unanyonga korosho na kuiacha chini ya mkorosho wake, tunda lenyewe unakwenda nalo. Bado mengi yalikuwa yanaoza chini, nzi wanasherehekea. Yule mama akatuonyesha kukamua, kuchemsha, kutia sukari na hamira, kufunika ndoo na kupitisha mpira mwembamba kwenye chupa ya maji ili hewa itoke isiingie. Akatuandikia vipimo kwa kilo, akapanda gari, akaondoka.

Kilo! Kwa mizani ya nani? Tukaangaliana. Ilibidi mtu mmoja akae chini ajaribu, mabibo mangapi kwa ndoo moja, sukari kiasi gani, aandike, mpaka tupate kipimo chetu. Na swali la kwanza kikundini halikuwa nani anajua kazi. Lilikuwa nani hataimaliza waini kabla haijauzwa. Wanawake kumi na wawili, nusu Waislamu nusu Wakristo, wakatazamana kwa jicho la pembeni, na vidole vyote vikaja kwangu. Mimi ni Muislamu, na kilevi hakijawahi kupita midomoni mwangu.

Najua, najua. Kutengeneza nako kuna neno lake. Sheikh wetu alinitazama wiki nzima kana kwamba nimevaa kanga ya mtu. Nilijiambia kazi yangu ni kalamu na hesabu tu, kukamua wanakamua wenzangu, na mpaka leo sijui kama nilikuwa najidanganya au la. Mume wangu alikubali kwa sharti moja. "Tengeneza," alisema, "lakini kata isiguse mdomo wako. Siku nikisikia, mimi na wewe basi."

Kwa hiyo jambo lililoninyima raha lilikuwa moja: jina langu. Ndoo zilikaa chumba cha nyuma, nyumbani kwangu, na ufunguo wa kufuli ulikuwa wangu. Waini ikipungua, nani atasema imenywewa na panya? Watasema yule Muislamu wetu kumbe anakunywa kwa siri, tena peke yake. Maneno yangemfikia mume wangu kabla yangu, na mama yangu Chiungutwa angeyapata kabla ya jua kuzama. Huku kwetu mwanamke mlevi husamehewa. Mwanamke mlevi anayejifanya halewi, huyo hasamehewi.

Ufunguo wa pili niliwahi kumpa mtu mmoja tu, jirani yangu na mwenzangu kikundini. Alikuwa Mkristo, mjane, mnene, na kicheko chake kilisikika shamba la tatu. Tulikuwa mashoga wa kutopigiana hodi. Yeye alikuwa anakunywa na hakuficha. "Shoga," alikuwa akiniambia, "wewe umeshika pombe na daftari, mimi nimeshika kiu. Mungu ana mambo!" Kila siku ya tatu nilikuwa nashuka bondeni kuteka maji, safari ya asubuhi mpaka alasiri, maana juu huku kwetu mvua isiponyesha maji ni ya kuyafuata. Siku hizo yeye ndiye aliyeniangalizia nyumba, na ufunguo nilimwachia kwa sababu ndoo ikifura inaweza kurusha kifuniko.

Basi nikaanza kujaribu. Bibo lina raha moja, linakuja na hesabu yake. Niliokota shambani kwetu, na kila nililolinyonga, korosho yake niliitia kwenye beseni, na mabibo yakishapondwa yote, korosho zilibaki pale kusema yalikuwa mangapi. Ndoo ya kwanza nilitia mabibo mia moja. Ya pili mia na sitini. Ya tatu mia mbili na ishirini. Sukari pakiti tatu tatu za dukani, hamira kijiko kimoja, maji ya kujazia. Niliandika kila kitu, hata rangi, maana mabibo mekundu na ya njano hayafanani, na mwanamke mmoja alikuwa anaapa kwamba mekundu ndiyo yanayowasha koo. Nilimshuku. Shamba lake lilikuwa la mabibo ya njano.

Kwa kuwa sionji, nilipima kwa pua na masikio. Asubuhi na jioni nilikaa na zile ndoo, nasikiliza mpira unavyotoa mapovu kwenye chupa, nayahesabu kwa pumzi zangu. Ndoo yenye mabibo machache iliguna siku chache ikanyamaza. Yenye mengi ilikuwa inatokota kama inagombana na mtu. Siku ya kuonja, kikundi kilikuja chote, na kanuni ilikuwa kijiko kimoja kwa mtu, mimi naandika. Loo, siku ile nilishuku ndimi za watu wazima! Ndoo ya kwanza wakasema ni maji yaliyosuuziwa glasi. Ya tatu ilimkereketa mmoja koo mpaka akatoa machozi, halafu akanyoosha kijiko tena eti hakuisikia vizuri. Mmoja alisifu ndoo iliyokuwa karibu naye, nikazisogeza ndoo, akasifu tena iliyokuwa karibu naye.

Jirani yangu peke yake alisema neno la maana. "Ya pili ndiyo yenyewe, lakini ukakasi haujatoka. Tia uji mwepesi wa mchele kabla ya hamira, uache ulale, utashuka na ukakasi wake." Nikafanya hivyo awamu iliyofuata, kweli ukakasi ukashuka chini kama tope na juu ikabaki rangi ya chai isiyo na maziwa. Nikajaribu mia na arobaini, mia na themanini, nikajaribu mia na sitini na mananasi mawili. Sikuwaza ulimi wake ulijulia wapi mambo hayo. Niliandika tu.

Mwezi wa pili wa kazi nikagundua ndoo zinapungua.

Nilikuwa na kijiti cha mwanzi chenye alama za kisu, nazamisha, natoa, naangalia ulowevu umefika wapi. Ndoo ya kwanza imeshuka upana wa kidole. Ya pili upana wa kidole. Zote, sawasawa, kama zimekubaliana. Mwizi wa mahali pengine angeiba akajazia maji. Huku kwetu nani atapoteza maji yaliyopandishwa kwa kichwa kutoka bondeni ili afiche wizi wa pombe? Maji ndiyo ningeyafungia kufuli kama yangekuwepo ya kufungia.

Nilianza na mume wangu. Alipojilaza mchana nilimnusa mdomo, akafumbua macho, ikabidi nijifanye namwondolea sisimizi. Nikashuku joto, nikashuku vifuniko, nikashuku hata nyenje. Kisha nikafungua daftari, nikaweka siku za kupungua kando ya siku zangu za maji. Zililingana moja kwa moja. Nasema kweli, nilijua jibu na sikulitaka.

Siku ya maji iliyofuata nilibeba ndoo yangu kichwani, nikaaga, nikafika kwenye mteremko, nikaificha kichakani na kurudi kwa njia ya mashambani. Jua lilikuwa limepanda. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Nilichungulia pembeni ya mlango, nikamwona shoga yangu amesimama mbele ya ndoo ya tatu, kata mdomoni, macho ameyafumba. Alimeza taratibu, akangoja, akaisogelea ya nne.

Nilirudi kinyumenyume mpaka migombani. Nikaenda zangu bondeni, nikateka maji, nikarudi alasiri kama siku zote. Sikumwuliza. Nilijiambia nikimwuliza atakana, akikana itakuwa neno langu na lake, na la kwangu ndilo litakaloshukiwa kwa sababu ufunguo ni wangu. Nilikuwa nalinda jina langu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia nzima, na maji yakinimwagikia shingoni.

Kikao cha kikundi kilikuwa siku mbili baadaye. Nikasimama na daftari, nikasoma siku za kupungua, nikasoma siku za maji, halafu nikasema nilichokiona kwa macho yangu. Kila mtu akamgeukia. Hakukana.

"Ndiyo, nimekunywa," alisema.

"Ndoo zote?" mwenyekiti akamwuliza.

"Zote. Kila moja kidogo. Nilikuwa nakunywa kwa sababu..."

Nami, kwa mdomo wangu huu, nikamkata: "Sababu si kiu?"

Wakacheka. Walicheka vibaya, wakapigana mapaja, na kicheko kile kikaifunga ile sababu yake. Alinitazama. Kisha akautoa ule ufunguo kwenye pindo la kanga yake, akauweka juu ya daftari langu, akaondoka. Tukaandika kwamba si mwanachama tena. Mwandiko ni wangu.

Baada ya hapo ndoo hazikupungua hata unywele. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nazamisha kijiti, natoa, nazamisha tena, na ubishi wa moyoni hauishi. Yeye alikuwa akinipita njiani na kuniita Mama kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, kwa heshima zote, kama tunavyowaita watu tusiowazoea.

Waini ya mabibo mia na sitini na mananasi mawili ndiyo iliyokubalika, na kabla hatujaipeleka mahali popote ikaja oda yetu ya kwanza, arusi ya Kikristo hapo hapo kijijini. Mume wangu alikuwa amealikwa, na mimi nilikuja na madumu na wenzangu. Bibi arusi alikuwa na mjomba wake kutoka Nanganga, na kwetu mjomba ndiye mwenye mpwa. Asipokula yeye, hali mtu. Nikamsalimu shikamoo, akaitika marahaba bila kuyatoa macho kwenye madumu. Alikuwa amesikia kwamba mahali fulani watu walikunywa hizi pombe mpya za kujifunza kwa wageni wakaharisha siku mbili. Nilimwona usoni, alikuwa mtu wa kushuku kama mimi.

"Nani mpishi?" akauliza.

Wenzangu wote wakanyoosha vidole, kwangu tena. Ndiye anayepima, wakasema, ndiye mwenye daftari. Mjomba akajaza kata, akanipa kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Huku kwetu aliyepika pombe ndiye anayekunywa kwanza, mbele ya wote, ndipo wageni wajue hakuna kitu ndani yake. Kila mtu anajua. Mimi nisiyekaa penye pombe sikuwahi kuwaza kwamba siku moja mpishi atakuwa mimi.

"Mimi sinywi, mjomba," nikasema. "Ni Muislamu."

"Sikukatazi kuwa Muislamu," alisema polepole. "Lakini umepika kitu usichokunywa, ukatuletea sisi. Ulikipika kwa ajili ya nani?"

Ngoma ikakatika. Mwenyekiti akasema yeye ataonja, mjomba akamwuliza, "Wewe ndiye uliyepima?" Mwenyekiti akarudi nyuma. Nikimeza, mume wangu amekaa palee na wazee, ananitazama. Nisipomeza, kesho Newala nzima mimi ni mama wa sumu, na arusi ya binti wa watu imeharibika. Kata bado ilikuwa mikononi mwangu, imejaa. Nilitaka kulia. Nilitaka mama yangu.

Mkono mnene ukaja ukaichukua ile kata. Alikuwa ametoka jikoni, alikokuwa akisonga ugali na majirani wengine, unga umemfika viwikoni.

"Shikamoo mjomba," alisema. "Huyu anapima tu. Muonjaji ni mimi. Kila ndoo ya mama huyu nimeionja tangu inaanza kuchacha, kila siku ya tatu, na niko hapa, tumbo langu hilo mnaliona, halijapungua." Watu wakacheka, safari hii vizuri. Akainywa kata yote, akaigeuza kichwa chini, tone moja likadondoka mchangani.

"Haya," mjomba akasema, "huyo ndiye mpishi."

Ngoma ikarudi. Yeye naye akarudi jikoni, hakunitazama.

Asubuhi yake nilikwenda kwake. Nilipiga hodi, mara ya kwanza tangu nihamie Makote. Alikuwa ameketi uani ananyonga korosho, akaitika karibu na kunisogezea kigoda. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nikamwambia sikujua.

"Nilijua watakuuliza tu," alisema. "Siku moja. Mpishi asiyekunywa, nani atamwamini? Nikasema basi naonja mimi, kila ndoo, toka mwanzo, siku akiulizwa awe na mtu. Na tamu pia, usinifanye malaika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kanuni kijiko kimoja, siku ya kuonja. Ningekuambia, ungeandika. Wewe huandiki uongo, nakujua."

Nikamwomba arudi kikundini. Nikasema nitasimama mwenyewe mbele ya wote nifute lile neno. Aliendelea kunyonga, korosho huku, bibo kule, mikono yake haikupunguza mwendo.

"Siku ile uliyorudi kwa njia ya mashambani," alisema, "nilikuona. Kivuli chako kiliingia mlangoni kabla yako."

Nikaliokota bibo lililobingiria mpaka kwenye kigoda changu.

"Nikasema, ameona, vizuri, sasa ataniuliza nami nitamweleza. Ulivyogeuka nikasema anaona aibu, akirudi na maji ataniuliza. Nikakupikia ming'oko. Nikakusubiri. Ulirudi, nikakutua ndoo kichwani, ukala, ukaomba chumvi, ukaniambia ahsante shoga. Nikakusubiri mpaka nikaaga. Kesho yake nikakusubiri."

Aliinuka, akakung'uta kanga yake.

"Mbele ya watu ndiyo ukaniuliza," akasema, "na hukutaka jibu."

Akabeba beseni lake la korosho akaingia ndani, na mimi nikabaki pale uani na mabibo yake.